HISTORIA YA "NGALI": Barua Moja, Kibali Kimoja, na Vijana Walioasi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na kuchapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria)



Katibu wa Chama aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, aliniachia nichague mada mwenyewe kwa masharti mawili. Kwanza, nisizidi nusu saa. Pili, nisizungumzie mishahara ya watumishi wa serikali. Nimeyakubali yote mawili, la pili kwa shida kidogo.

Nitazungumza juu ya jambo ambalo huenda mkaliona la ajabu likitoka kinywani mwa mtu wa majalada kama mimi. Nitazungumza juu ya vijana walioasi desturi za wazazi wao katika miaka ya sitini, hasa kule Marekani, na juu ya mambo ambayo yangaliweza kutokea lakini hayakutokea.

Wengi wenu mnamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili wa Kidato cha Pili. Yeye hakutuacha tupumue juu ya viambishi viwili: -nge- na -ngali-. Alikuwa akisema, "Ukisema ningekwenda, mlango bado u wazi. Ukisema ningalikwenda, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa kisimani." Aliyechanganya viambishi hivyo alifyeka nyasi za uwanjani. Mimi nilifyeka sana.

Nilipofika Chuo Kikuu pale Mlimani kusoma historia, niliona kwamba wahadhiri hawakupenda habari za -ngali-. Walisema kazi ya mwanahistoria ni kueleza yaliyotokea. Yasiyotokea waachiwe watunga hadithi. Nikakubali. Lakini miaka mingi ya kusoma majalada ofisini imenibadili kidogo. Katika kila jalada kuna ukurasa mmoja ambapo karatasi ilikuwa mezani, kalamu ikiwa mkononi mwa mtu, na mtu huyo angaliweza kuandika "Ndiyo" au "Hapana." Baada ya hapo kurasa nyingine zote zinafuata kama mabehewa yanavyofuata injini.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni mbili ninapocheza mchezo huu wa -ngali-. Ya kwanza: badilisha jambo moja tu, na liwe jambo ambalo mtu fulani alikuwa na uwezo wa kuliamua siku ile. Ya pili: usisahau kutofautisha cheche na nyasi kavu. Cheche unaweza kuiondoa kwa kalamu. Nyasi kavu zitabaki, zikingoja cheche nyingine.

Tuanze na barua.

Mwezi Septemba mwaka 1964, kwenye lango la Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, penye makutano ya barabara za Bancroft na Telegraph, palikuwa na ukanda wa njia ya waenda kwa miguu wenye upana wa futi 26. Kwa muda mrefu wanafunzi walikuwa wakiweka meza hapo, wakigawa karatasi za siasa na kuchangisha fedha, wakidhani ardhi ile ni mali ya mji. Baadhi yao kiangazi kile walikuwa wamekwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia Wamarekani weusi waliozuiwa kupiga kura. Mmoja wa hao alikuwa Mario Savio, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma falsafa.

Tarehe 14 Septemba ofisi inayosimamia wanafunzi iliandika barua: ukanda ule ni mali ya Chuo, na meza za siasa zimepigwa marufuku. Ndugu zangu, mimi naijua barua ya namna ile. Nimeziandika. Ni barua fupi, safi, yenye kutaja kanuni, na aliyeiandika alirudi nyumbani jioni akiwa na raha.

Kilichofuata kinajulikana. Vyama vya wanafunzi vilivyokuwa havisalimiani, vya mrengo wa kushoto na hata vya waliomuunga mkono Barry Goldwater wa mrengo wa kulia, viliungana siku chache tu baadaye. Hawakuunganishwa na mchochezi. Waliunganishwa na barua. Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata Jack Weinberg aliyekuwa ameketi kwenye meza, wakamtia katika gari lao. Wanafunzi wakaketi chini kulizunguka gari lile lisiondoke, na likakaa pale saa 32. Wasemaji walipanda juu ya paa lake wakahutubia. Savio alivua viatu kwanza ili asiliharibu. Tarehe 2 Desemba wanafunzi waliingia jengo la utawala na kuketi humo. Watu wapatao 800 wakakamatwa. Tarehe 8 Desemba walimu wa Chuo walipiga kura, 824 kwa 115, kuunga mkono madai ya wanafunzi. Ilipofika Januari 1965, mkuu mpya wa kampasi aliruhusu meza.

Hapo nataka msimame kidogo. Kilichokatazwa Septemba kiliruhusiwa Januari. Meza ni zile zile na karatasi ni zile zile. Katikati yake kuna watu 800 waliokamatwa, mkuu wa kampasi aliyepoteza cheo, na chuo kilichogawanyika.

Sasa tucheze mchezo wetu. Kama barua ile isingaliandikwa, ingalikuwaje? Watu wengi hujibu kwa haraka: maasi ya vijana yasingalikuwako. La hasha! Huko ni kuisahau kanuni ya pili. Nyasi zilikuwa zimekauka sana. Wamarekani weusi walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura. Watoto waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wanajaa vyuoni kwa maelfu. Zaidi ya yote, mwezi Machi 1965 majeshi ya Marekani ya mapigano yalianza kuteremka Da Nang, Vietnam, na ilipofika mwaka 1968 wanajeshi walikuwa wamezidi 500,000. Vijana walikuwa wakiandikishwa kwa lazima. Mwenye nafasi chuoni aliweza kuahirishiwa. Mtoto wa maskini alikwenda. Barua au pasipo barua, kijana anayeambiwa akafe katika vita asivyovielewa hatakaa kimya. Ushahidi ni kwamba, wito wa lazima ulipopunguzwa na hatimaye kukomeshwa mwaka 1973, maandamano ya vyuoni yalipungua sana.

Basi barua ingalibadili nini? Nadhani ingalibadili namna wakubwa na vijana walivyozoea kutazamana. Vita vilipokuja, Berkeley tayari ilikuwa imejifunza kwamba huko juu hakuna anayesikia mpaka uketi mbele ya gari la polisi. Na wazazi huko nje walikuwa wamejifunza kwamba wanafunzi ni wahuni. Mwaka 1966 Ronald Reagan, mwigizaji wa sinema aliyeingia siasani, aligombea ugavana wa California akiahidi, pamoja na mambo mengine, kukomesha vurugu za Berkeley. Akashinda. Januari 1967 bodi ya Chuo ikamwondoa Rais wa Chuo, Clark Kerr. Mwaka 1980 Reagan akachaguliwa kuwa Rais wa nchi. Sisemi kwamba barua moja ilimpeleka Ikulu ya Marekani. Palikuwa na kodi, palikuwa na ghasia za Watts za mwaka 1965, na mengine mengi. Lakini ilimpa hoja, na hoja aliitumia.

Na vijana wenyewe waligawanyika. Wako waliosema tuibadili serikali. Wako waliosema tuipe serikali mgongo: hao ndio mahipi, wenye nywele ndefu na shanga, waliojaa San Francisco kiangazi cha mwaka 1967, wengine wakitumia madawa yaliyowaharibu. Wazee huwachanganya wote katika kapu moja. Si sahihi, ingawa njaa yao ilikuwa moja: walitaka mtu awaambie ukweli.

Habari za mahipi zinanifikisha kwenye kibali.

Mwaka 1969 vijana wanne wafanyabiashara walitaka kuandaa tamasha la muziki katika jimbo la New York. Walikodi mahali katika mji wa Wallkill, wakauza tiketi mapema. Wakazi wakaogopa. Tarehe 15 Julai, mwezi mmoja tu kabla ya tamasha, mji ukawanyima kibali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba vyoo vya muda havikutimiza masharti. Wenzangu wa halmashauri mnacheka kwa kuwa mnaijua sababu hiyo.

Waandalizi walikimbilia Bethel, kwenye shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Max Yasgur. Muda ulikuwa mfupi: ama wamalize jukwaa, ama wamalize uzio na milango ya tiketi. Wakachagua jukwaa. Watu wapatao 400,000 wakaingia bila kuzuiwa, na tamasha likatangazwa kuwa la bure. Dunia nzima ikalikumbuka jina la Woodstock kama siku ambazo vijana waliishi pamoja matopeni kwa amani.

Kama Wallkill ingalitoa kibali, Woodstock ingalikuwa biashara yenye uzio, milango na mabishano ya tiketi. Huenda leo tusingalilijua jina lake. Waliotaka kulizuia ndio waliolikuza. Lakini msidhani kukosa mpango ni baraka siku zote. Tarehe 6 Desemba mwaka ule ule, tamasha jingine la bure lilihamishiwa Altamont, California, siku mbili tu kabla, na ulinzi wa jukwaa wakapewa waendesha pikipiki wa Hells Angels. Kijana mmoja alichomwa kisu akafa mbele ya jukwaa. Uzio hakuna huku, uzio hakuna kule. Mmoja akaitwa muujiza, wa pili msiba. Anayeitegemea bahati asijisifu kwa hekima.

Nasikia mtu anasema moyoni: hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Turudi basi Mlimani, mahali niliposoma mimi, na baadhi yenu kabla yangu na baada yangu.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado Chuo Kishiriki, waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walikuwa wanapinga sheria iliyowataka wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa muda. Bango moja lilisema afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi wanaokaribia 400 wakarudishwa makwao. Muda usiotimia miezi minne baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Kama vijana wale wangaliitwa wiki moja kabla, wakaketi na wakubwa, kila upande ukasikia hesabu za mwenzake, Azimio lisingalikuja? Naamini lingalikuja. Mwalimu alikuwa akiandika juu ya ujamaa tangu mwaka 1962, na tofauti ya kipato kati ya msomi na mkulima ilikuwa nyasi kavu. Na hapa nisieleweke vibaya: sisemi kila muasi ana haki. Bango lile lilikuwa bango la aibu, na vijana wale walidai zaidi ya walivyostahili katika nchi maskini. Lakini hata aliyekosea hufundishika kwa kuambiwa kuliko kwa kufukuzwa. Wengi wao walirudishwa masomoni baadaye na wakaitumikia nchi. Basi kilichowezekana baadaye kingaliwezekana mapema.

Tena miaka haikupita mingi, upepo ukageuka. Mwaka 1967 wanafunzi wa Mlimani, wenyeji na wageni, waliunda umoja wao wa kimapinduzi. Mwenyekiti wake wa awali alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Mwaka 1969 wakaanzisha gazeti lao, Cheche. Hawa hawakulalamikia mishahara. Walilalamika kwamba ujamaa haukwenda mbali vya kutosha! Novemba 1970 umoja huo ukapigwa marufuku pamoja na gazeti lake, na nafasi yake ikachukuliwa na MajiMaji la Umoja wa Vijana wa TANU. Huku mijini, tangu Januari 1969, vijana wa TANU walikuwa wakikagua sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia katika Operesheni Vijana. Tazameni: katika miaka minne waliadhibiwa waliotaka kidogo, wakaadhibiwa waliotaka zaidi, na wakaadhibiwa waliotaka kuvaa tu. Na sketi fupi hazikwisha. Mashangazi zetu wanazo picha.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Nimezungumzia barua za watu wengine. Haki inanitaka nizungumzie ya kwangu.

Tulipokuwa Kidato cha Tano mimi nilikuwa kiranja. Katika bweni letu alikuwako mwenzetu mmoja, sitamtaja jina, aliyeandika gazeti la ukutani. Alilibandika kwa uji mzito, ukutani pale karibu na bwalo. Toleo moja lilikuwa na maswali matano tu kwa jiko: maharage yananunuliwa kwa nani, kwa bei gani, kwa nini yana wadudu, nani anayapima, na anayapima mbele ya nani. Hapakuwa na tusi hata moja.

Nililibandua alfajiri, kabla ya kengele. Hakuna mwalimu aliyenituma. Nililipeleka ofisini kwa miguu yangu mwenyewe, na nilipoulizwa kama lina uchochezi, nilisema ndiyo. Nilikuwa na miaka 18, na neno hilo lilinipendeza. Mwenzetu akasimamishwa masomo kwa wiki tatu. Baba yake, mtu mkali, alisema hana nauli ya kumrudisha mtoto mkaidi. Hakurudi. Muhula uliofuata, baada ya wanafunzi wengi kuumwa matumbo, mnunuzi wa maharage akabadilishwa na wanafunzi wawili wakachaguliwa kushuhudia upimaji. Maswali yake yote matano yalijibiwa, naye hakuwapo.

Miaka michache iliyopita nilimkuta katika stendi ya mabasi, ana duka la vipuri vya pikipiki. Aliniita kwa jina la bweni letu, akanikalisha, akaninunulia chai na maandazi. Akauliza habari za mama. Hakulitaja gazeti. Mimi pia sikulitaja. Basi langu lilipoita abiria nikamshika mkono, nikaondoka. Mpaka leo sijui kama anafahamu nani alilibandua.

Kama ningalilipeleka karatasi ile kwenye kamati ya chakula badala ya ofisini, kamati ambayo mimi kama kiranja nilikuwa nina kiti ndani yake, angalimaliza Kidato cha Sita. Nimebadilisha jambo moja tu, na lilikuwa katika uwezo wangu. Nyasi zilikuwa kavu: maharage yalikuwa mabaya, na yangalibadilishwa tu. Kilichobakia kuamuliwa ni nani atalipa gharama, na mimi ndiye niliyeamua.

Hilo ndilo nililojifunza katika historia ya -ngali-. Mara nyingi jambo tunalolikataa leo tutalikubali kesho. Meza zilirudi Berkeley. Mwaka 1997 Chuo kile kile kikazipa ngazi za jengo lile jina la Mario Savio, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kuchelewa kwetu hakulizuii jambo. Kunaongeza tu orodha ya waliolipia.

Tangu siku ile ya stendi nina desturi moja ofisini. Barua ya kukataa ombi la vijana haitoki mezani pangu kabla sijawaita wenye ombi wakaketi mbele yangu. Wakati mwingine bado nakataa. Lakini nakataa nikiwa nimeziona nyuso zao.

Wadogo zangu, majuto ni mjukuu, na mimi nimeshaitwa babu mapema. Ninyi bado mko katika -nge-. Mlango u wazi. Mwenye maswali matano na ayaandike, aweke jina lake, asitukane. Kiranja atakayeyaona alfajiri na asimame kidogo kabla ya kuinua mkono. Na wenzangu tunaoshika mihuri, tusome tena barua zetu kabla hazijatoka.

Naisikia kengele ya bwalo. Twendeni tukayaone maharage.